Wimbo wa Mama Uliopigwa Chapa

Siku tulipomzika mdogo wangu wa mwisho, kwenye kibanja chetu cha migomba pale Nyaishozi, waliokuwepo ni hawa. Mama, aliyemzaa. Baba, mzee wa kanisa, ambaye siku hiyo alifungua kinywa asome Zaburi, sauti ikakataa. Shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Kamuli, aliyekuja na mkungu wa ndizi kichwani akilia njia nzima bila kuutua. Mimi, binti pekee, niliyekuwa sijaolewa ila posa ilikwisha kuletwa. Na mwalimu wa shule ndogo ya misheni, kijana wa kutoka upande wa Bukoba. Huyu hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini baba alimjengea nyumba ukingoni mwa kibanja chetu, alikula kwetu, naye alimwita mama yangu mama, kama nilivyomwita mimi. Baba aliposhindwa, ni yeye aliyeisoma ile Zaburi.

Majirani walikuwa wengi. Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao, na jina la mbwa aliyelala mlangoni asifukuzwe na mtu. Siyaandiki. Wengi wamekwisha kufa, sikupata kuwaomba ruhusa, na ukiendelea kusoma utaona kwa nini neno hili la ruhusa limenikaa kooni tangu ujana.

Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, akishikilia mgomba huu hadi ule. Homa ilimchukua wakati wa mvua. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wameanza kurudi makwao, na sisi tulidhani habari za kufa zimepungua.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mambo yote hayaeleweki. Nyumbani kwetu mama akijifungua alimtungia mtoto wimbo wake wa kumbembelezea. Sisemi nyimbo zile zinazojulikana na kila yaya. Huu ulikuwa wa mtoto yule peke yake: ndani yake mna siku aliyozaliwa, mna babu aliyefanana naye, mna kitu kilichomchekesha mama alipokuwa na mimba. Mtoto mwingine haimbiwi huo, hata awe pacha wake. Mtoto akifa, mama huuimba kwa mara ya mwisho pale kaburini, kisha huufunga. Hauimbwi tena na mtu yeyote. Tuliambiwa kwamba mtoto amekwisha kulazwa, na anayeuimba anamwamsha. Baba kwa uzee wake wa kanisa hakuipenda imani hiyo, ila hakupata kuikataza ndani ya nyumba yake.

Basi mama aliuimba. Aliimba polepole, kama anayetafuta pa kukanyaga. Ulikuwa wimbo mzuri, na najisikia vibaya kuusifu hata leo. Ulipokwisha akaweka kiganja mdomoni, na wanawake wote tukaweka viganja midomoni. Ndiyo kufunga kwenyewe. Wanaume wakarudishia udongo.

Kesho yake tulikuwa tumekaa chini kwenye nyasi za matanga. Mwalimu akaingia, akapiga magoti mbele ya mama, akamwekea kamwani kiganjani, zile kahawa kavu zilizochemshwa ambazo kwetu tunatafuna na kumpa kila mgeni.

"Pole, mama," akasema.

"Tumepoa, mwanangu."

"Mama, yale maneno ya jana ni mazuri mno. Maneno kama yale yanafaa yatunzwe, yasipotee."

"Asante, mwanangu," mama akasema, akaitia kahawa mdomoni akatafuna.

Shangazi alikuwa na ulimi ambao hata msiba haukuupunguza makali. Akamtazama mwalimu akasema, "Huko kwenu mtu akilia, mwalimu, mnamsahihisha kwa wino mwekundu?" Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matanga kinachojificha kwenye kanga. Hata mwalimu alicheka. Hakuna aliyejua kwamba jambo limekwisha kutendeka mbele ya macho yetu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwao na kwetu, mtu akikuomba jambo kubwa huku amekuwekea kahawa mkononi, nawe ukaitafuna mbele yake, umekubali. Ndivyo inavyokuwa kwenye posa, ndivyo inavyokuwa mtu akiomba sehemu ya kibanja. Lakini kwenye matanga kahawa ni pole tu. Mfiwa hupokea ya kila anayeingia, hutafuna bila kuuliza, maana hata akili haipo. Mwalimu alilelewa bwenini misheni tangu utotoni, mila aliijua nusu. Aliamini kwa moyo safi kwamba ameomba na amepewa.

Misheni ilikuwa na gazeti lake dogo, likichapwa Bukoba, likitufikia kwa kuchelewa pamoja na mizigo ya shule. Jumapili moja baada ya ibada, mwalimu akasimama nje ya kanisa akiwa nalo mkononi, uso unang'aa. Desturi ilikuwa atusomee habari, sisi tusiojua kusoma na sisi tuliojua kwa kukokota. Mimi nilikuwa wa kukokota. Nilisoma darasa la mafundisho ya ubatizo na kidogo baada yake, basi.

"Leo," akasema, "kuna jambo la nyumbani kwetu." Akaanza kusoma.

Alisoma mstari wa kwanza. Nikamwona mama anageuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Aliposoma wa pili, mama alikuwa amekwisha kumfikia, akaweka kiganja juu ya gazeti.

"Nani amekupa?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Nilikuomba. Nilikuwekea kahawa, ukatafuna."

Aliyejibu ni shangazi, aliyekuwa amekuja kwetu Jumapili hiyo. "Mawe, mama wee! Kwa hiyo mfiwa akitafuna kahawa amekugawia na maiti yake? Na pale nilipotafuna mimi, umechukua nini changu? Angalia mifuko yako, mwalimu, labda na mume wangu yumo."

Hapo hakucheka mtu. Mwalimu alibaki ameshika gazeti kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa. Nilisogea nikalitazama. Wimbo ulikuwa katikati ya ukurasa, umezungushiwa mistari ya urembo, na chini yake palikuwa na jina. Nililikokota herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la mwalimu.

Tungeweza kulimeza hilo. Gazeti husomwa, huwashiwa moto, hufungiwa chumvi. Mama alisema basi, karatasi itaoza. Lakini wanaochapa vitabu vya shule waliuona wimbo ule gazetini, wakamwandikia mwalimu wakiuomba kwa ajili ya kitabu cha nyimbo za watoto. Barua yao ilimfikia kabla ya gazeti lenyewe, naye, kabla hata ya Jumapili ile, alikuwa amekwisha kuwajibu kwa furaha na kutia sahihi. Kitabu kikatoka. Kikaletwa shuleni kwake mwenyewe, kikapelekwa na shule nyingine. Watu waliokwenda mnadani Chonyonyo walirudi wakatuambia kwamba na kule watoto wanauimba.

Na waliuimbaje! Kitabuni ulikuwa umewekewa mdundo wa kutembelea, kushoto kulia, kushoto kulia. Wimbo uliotungwa wa kumlaza mtu ulikuwa sasa unawaingiza watoto darasani. Asubuhi walipita njia ya nyuma ya kibanja chetu wakipiga makofi. Njia ile inapita hatua chache tu kutoka kaburini.

Mama aliacha kwenda kisimani asubuhi. Alikaa ndani, nguo kichwani, hadi shule iingie. Siku moja nilimkuta kibanjani, amepiga magoti pale kaburini, anapapasa udongo kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni.

"Wanamwamsha," akaniambia. "Kila siku wanamwamsha, halafu wanakwenda zao darasani. Nani atamlaza?"

"Ukimlaza wewe, mama?"

"Kwa wimbo gani?"

Baba alijaribu. Alimwambia mtoto yuko kwa Bwana, hakuna anayeweza kumwamsha kabla ya siku ya mwisho. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamwambia, "Bwana wangu, hayo najua. Wewe uko kanisani unapoyajua. Mimi niko hapa njiani." Baba akatoka akaenda kupogoa migomba, na nilisikia kisu chake muda mrefu.

Mwalimu aliacha kuufundisha wimbo ule shuleni kwake. Alikuja akapiga magoti mlangoni, mikono mitupu safari hii, akasema amewakataza wanafunzi. Lakini wimbo ukishaingia kinywani mwa mtoto unautoaje? Waliuimba mitoni, waliuimba wakichunga mbuzi. Waliokatazwa waliuimba kwa nguvu zaidi, ndivyo watoto walivyo.

"Waandikie wautoe kwenye kitabu," mama akamwambia.

"Niliandika, mama. Wamesema si wangu tena."

"Si wako? Ulikuwa wako lini?"

Mwalimu akainama. "Nilitia sahihi kwamba nawapa haki ya kuuchapa. Sasa ni wao wenye kuamua. Hata mimi siwezi."

Ndipo mama akasema anataka kwenda mwenyewe Bukoba, kwa huyo aliyeuchapa wa kwanza, mwenye gazeti. Baba alimruhusu. Tulipanda lori la kahawa, mama, mimi na mwalimu, juu ya magunia. Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, na mama, ambaye hakuwahi kuvuka maji makubwa kama yale, hakuyatazama. Njia nzima alikuwa akichezesha midomo. Nilidhani anaomba. Alikuwa anapanga maneno.

Mhariri alikuwa mtu wetu mweusi, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mama alipoingia. Mwalimu akamwamkia shikamoo, naye mhariri akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama kabisa, akatuletea viti. Mashine ilikuwa chumba cha pili, tuliisikia. Mama akamweleza yote: mtoto, kaburi, kahawa, watoto wa shule. Alieleza kwa Kinyambo, lugha yetu, na pale Kihaya cha mhariri kilipotofautiana nacho mwalimu alifafanua, ingawa kwake ilikuwa kama kusoma hukumu yake mwenyewe.

Mhariri akamgeukia mwalimu. "Ulinitumia karatasi yenye jina lako. Hukuniambia kuna mwenyewe."

"Niliweka jina langu kama mwandishi aliyeandika. Sikusema nimetunga."

"Anayesoma gazeti hajui tofauti hiyo. Ilikupasa kuandika wametoa akina nani, na wamekubali nini. Na mimi ilinipasa kuuliza. Sikuuliza. Kwa kuwa ni wimbo wa kwetu nilidhani hauna mwenyewe."

"Unaye," mama akasema. "Wawili. Mmoja mimi."

Mhariri akavua miwani. Alituambia mambo ya sheria ya Serikali, ile ambayo siku hizi wajukuu wangu wanaiita hakimiliki. Sitajifanya niliielewa yote, ila nilishika haya. Kwamba mtu akitunga maneno na kuyaandika, ni yake tangu hapo, bila kwenda bomani, na ni ya watoto wake hata baada ya kufa kwake kwa miaka mingi. Kwamba anayetaka kuyachapa sharti amwombe, na kwa kitu kizima aombe wazi, si kwa kudhani. Kwamba gazeti linaweza kuchukua kipande kidogo kwa ajili ya habari, likataja kimetoka kwa nani, lakini si kubeba chote. Na kwamba sheria ile ilitungwa na watu wa karatasi, inaona vizuri karatasi, haioni vizuri kinywa.

"Ungekuwa umeuandika wewe, mama," akasema, "hata kwa mkaa ukutani, ningekuwa na kitu cha kusimamia mbele ya wale wa vitabu. Sasa karatasi ya kwanza ni ya huyu kijana, naye amekwisha kuwapa."

"Sijui kuandika."

"Najua. Ninachoweza ni hiki. Toleo lijalo niandike kwamba tulikosea, wimbo ule ni wako, na jina lako nilichape kwa herufi kubwa."

Mama akauliza, "Ukiandika hivyo, watu watasoma?"

"Watasoma."

"Na asiyeujua wimbo atautafuta autazame?"

Mhariri akaivaa tena miwani yake.

"Basi usiandike. Jina langu sikuja kulitafuta. Nataka usiimbwe na mtu. Nataka ufungwe."

"Mama yangu," mhariri akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mwenye kitu anayo haki ya kukataa. Hiyo ni haki kubwa kuliko zote. Lakini kukataa kunatangulia. Kitu kikishatoka, ninaweza kumtaja mwenyewe, ninaweza kumlipa, ninaweza kuomba radhi. Kukirudisha siwezi. Hakuna sheria inayoweza."

Mama akaomba aoneshwe ilipochapwa. Tukaingia chumba cha mashine. Kulikuwa na meza yenye vyumba vidogovidogo vya mbao, ndani yake herufi za madini ya risasi, na kijana mmoja anazipanga kwa vidole vyeusi.

"Maneno yangu yako chumba gani?" mama akamuuliza.

Kijana akadhani ni utani, akacheka. "Hayapo, bibi. Tukishachapa tunazichambua, kila herufi inarudi kwao. Zilizokuwa kwenye wimbo wako leo zimo kwenye bei za kahawa."

Mama akaingiza mkono kwenye kimoja cha vile vyumba, akachota herufi kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu. Kijana alitaka kumzuia, mhariri akamkataza kwa jicho. Kisha mama akazirudisha, akajifuta mkono kwenye nguo yake, akasema tuondoke.

Mhariri hakuuchapa tena wimbo ule, hilo alilitimiza. Wale wa vitabu waliendelea. Mwalimu aliomba ahamishwe, akapelekwa mbali, na siku ya kuondoka mama alimfungia ndizi za njiani. Nilimkasirikia mama kwa hilo. Akaniambia, "Angekuwa mwizi ningelala. Shida ni kwamba ananipenda."

Niliolewa. Nilipojifungua wa kwanza, mama alikuja kunikalisha, kunitunza mimi na mtoto. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamfunika. Usiku na mchana mtoto akilia, mama alimbeba akitembea naye, midomo imefungwa, akiguna tu. Mguno hauna maneno. Nilimwambia, "Mama, mimi sina kipaji chako. Mtungie wewe mjukuu wako."

"Nimtungie, wauokote?"

"Hapa hakuna mwalimu."

"Wanafunzi wake wapo," akasema. "Wote sasa wanajua kuandika. Hata wewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu hapo sikuwahi kushika kalamu mbele yake. Watoto wangu wote wamelelewa kwa mguno ule. Nilijaribu kuwatungia mwenyewe, yakawa maneno makavu kama ya tangazo, nikaacha.

Mama alifariki katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, mavuno ya kahawa yakiwa uani. Kwetu, mama akizikwa, kila mwanawe aliye hai humrudishia wimbo aliotungiwa. Anasimama karibu na udongo, anamwimbia kama mama alivyomwimbia yeye, ili aende amelala. Watoto wengine walikwisha kufa zamani, nilibaki mimi tu. Basi nilisimama. Ule wangu ninaujua, unaanza na mvua iliyonyesha nilipozaliwa, na zaidi ya hapo sisemi.

Uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo wanakwaya, walikuwepo walimu, walikuwepo vijana waliovaa vizuri, kalamu mifukoni mwa mashati. Watu wazuri wote, waliokuja kunizikia mama yangu. Mmoja alikuwa akiniangalia kwa huruma kubwa, macho yake yamejaa maji, kichwa amekiinamisha upande ili asikie vizuri. Ni kichwa kile kilichonishinda. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikaimba ndani, midomo ikicheza bila sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, sikuruka hata neno. Sijui kama wafu husikia midomo. Wakafukia.

Shangazi, mzee sana wakati huo, alinijia baadaye akanishika kiwiko. "Umeimba?" akaniuliza.

"Nimeimba."

"Mbona sikusikia?"

"Ndiyo, shangazi. Hukusikia."

Akanitazama, akaanza kulia upya, na safari hii ulimi wake haukupata neno.

Nimeandika haya mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu mjukuu wangu anafanya kazi ya magazeti na huwa anachukua maneno ya watu. Inawezekana nimekosea mahali. Labda lile lori lilipita njia nyingine, labda shangazi hakuwepo Jumapili ile ila nyingine, labda mhariri hakuwa na uzi kwenye miwani na nimemchanganya na mtu wa posta. Wewe uliyekuwepo, au mzazi wako aliyekuwepo, nitumie neno, nitasahihisha bila kuona haya. Majina ukinitumia nitayalinganisha na yangu. Lakini kama ni ule wimbo wa mdogo wangu unaoukumbuka, na mstari wake mmoja umekujia mdomoni ulipokuwa unasoma, nakuomba, huo usinisahihishe. Uweke kiganja mdomoni, mwanangu, uache uishie hapo.